Usimguse Klaske

Wytze aliziita seva kwa majina ya ng'ombe,
zote kumi na sita, kwa chaki, mlangoni,
kama yaandikwavyo kwenye mazizi ya Friesland:
Hiske, Tetsje wa Pili, Baukje wa Nne,
na Klaske, kongwe lao, isiyozimwa
siku elfu moja mia moja na kumi na mbili.

"Huyo," aliniambia siku anastaafu,
mkono mmoja tayari ndani ya koti,
"huyo usimguse kabla hujasoma daftari."
Daftari nililisoma.
Nilidhani nimelisoma.

Habari ya ufa ilitufikia Jumatatu:
katika kiini cha mfumo, tundu
la kumtosha mwizi kupenyeza mkono.
Ijumaa haiguswi kitu, Ijumaa ni mwiko.
Tukachagua usiku wa Jumatano,
kati ya saa saba na saa kumi,
baada ya ankara, kabla ya malori,
maana malori ya maziwa hayajui kerneli wala kifurushi.
Saa kumi na nusu Harmen huwasha injini,
na asipoikuta orodha ya mashamba kwenye skrini yake
maziwa hubaki matangini, yakianza kuwaza uchachu.

Nilifanya kama ipasavyo.
Nakala ya akiba, kisha nakala ya nakala,
kisha nikaifungua moja kwenye mashine ya majaribio,
kwa kuwa akiba usiyoijaribu
ni ahadi ya mlevi.
Nikaanza na Tetsje, isiyo na kazi nzito.
Vifurushi mia tatu na arobaini vikashuka
mstari juu ya mstari;
ikazimika, ikahesabu diski zake, ikarudi.
Hiske ikarudi. Baukje ilisitasita, ikarudi.
Kumi na tano. Chai yangu imefanya utando.

Saa nane na dakika arobaini
niliandika amri ile fupi, herufi sita,
kidole kikakawia juu ya kitufe
kama cha mtu abishaye hodi penye mgonjwa.

Sekunde tisini, kawaida.
Mia mbili. Ina umri, tuivumilie.
Mia sita.

Wahenga walituonya tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta.
Hawakusema ufanyeje
ukuta ukikuangukia
udongo mbichi ungali kiganjani.

Kilomita kumi na moja. Kwa baiskeli,
kwa sababu gari alikuwa nalo Rinske, kwa mama yake, Drachten.
Barafu kwenye njia ya mfereji, taa inatetema,
na kichwani najisomea njia ya kurudi nyuma:
toleo la zamani lipo, mstari wa pili wa orodha,
rudisha picha ya diski, mpigie Harmen,
la, Harmen usimpigie bado.

Mlango. Kadi. Feni zinanguruma, joto la zizi.
Nikachomeka skrini kwa vidole visivyo vyangu.
Alikuwepo. Mzima kabisa.
Amesimama mbele ya mstari mmoja mweupe:

Kibodi haionekani. Bonyeza F1 kuendelea.

Hana kibodi, na anadai nibonyeze kibodi.
Ni mimi niliyemwondolea, kiangazi,
nikisafisha, nikijisifu kwa usafi.
Ukurasa wa mia na arobaini na tatu,
pembeni, kwa penseli iliyofifia:
Kibodi ya Klaske isitolewe. Hapendi.

Nikachomeka. Nikabonyeza.
Diski ya kwanza. Diski ya pili. Kerneli mpya
ikataja namba yake bila haya.

Saa kumi na dakika nne nilimwandikia Wytze,
nikijua usingizi wake ni wa mfugaji:
"Ameamka."
Jibu likaja kabla sijaiweka simu:
"F1?"

Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati,
nikitazama umri wake mpya: dakika tatu.
Ukutani, upande wa pili,
Harmen anakwangua barafu kwenye kioo cha lori,
anapiga mluzi, vibaya,
kama kila alfajiri.